Ipime kwa SQL inayoandika: MySQL Workbench, DBeaver, pgAdmin na wenzake

Zana ya kubunia hifadhidata haipimwi kwa uzuri wa mchoro. Kuchora masanduku na kuyaunganisha kwa mistari, karibu kila programu siku hizi inaweza. Tofauti iko kwenye kinachotoka upande wa pili, yaani amri za SQL (lugha ya kuzungumza na hifadhidata) zinazopelekwa kwenye seva. Unaziona kabla hazijatekelezwa? Zinafanana na zile ambazo mtu mzoefu angeziandika kwa mkono? Na jedwali likishajaa data za watu, programu hiyo itaongeza safu moja kwa ALTER TABLE, au itakuandalia DROP TABLE, inayolifuta jedwali zima?

Kwa mizani hiyo, hukumu yetu ni hii. MySQL Workbench bado ndiyo zana bora ya bure ya kubuni hifadhidata ya MySQL kuanzia karatasi tupu, ila mipangilio yake ibadilishwe kabla ya kuiamini. DBeaver ni ya kazi za kila siku, hasa kwa anayehudumia hifadhidata za aina zaidi ya moja. pgAdmin 4 ni ya msimamizi wa PostgreSQL, na mchoro ndani yake ni nyongeza tu. HeidiSQL inafaa mno kwenye Windows yenye RAM ndogo, lakini haichori. Anayetafuta moja ya kufanya yote atachoka. Kubuni na kuendesha ni kazi mbili, na inafaa kuwa na zana mbili.

Mfano wa kupimia humu ni hifadhidata ya SACCOS ndogo yenye majedwali matano: wanachama, akaunti, miamala, mikopo na wadhamini. Ni ndogo, lakini mitego imejaa. Namba ya simu ikiwekwa INT (namba kamili), sifuri ya mwanzo inapotea, iwe VARCHAR(15), yaani maandishi. Fedha zikiwekwa FLOAT, jumla ya michango haitalingana na daftari miamala ikiwa mingi, kwa sababu FLOAT huhifadhi thamani ya karibu tu, ziwe DECIMAL(15,2). Tena mkopo mmoja hudhaminiwa na wanachama kadhaa, na mwanachama mmoja hudhamini mikopo kadhaa, kila mara kwa kiasi chake. Huo ni uhusiano wa wengi kwa wengi wenye data zake wenyewe, na ndio unaoonyesha kama zana inaelewa inachokichora.

MySQL Workbench

Asili yake ni DBDesigner 4, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchora, na hilo linaonekana mpaka leo. Unafungua File, New Model, kisha Add Diagram, na kila unachohitaji kiko mbele yako. Kazi nzima hukaa katika faili moja la .mwb.

Kabla hujachora jedwali la kwanza, nenda Edit, Preferences, Modeling, Defaults. Utakuta ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila mstari wa jedwali) umepangiwa jina id%table%, na safu ya ufunguo wa nje (inayoelekeza kwenye jedwali jingine) %table%_%column%. Kwa mpangilio huo jedwali la akaunti litapata safu inayoitwa wanachama_idwanachama, na kila atakayeandika hoja (query) atalilaani jina hilo. Weka id tu kwenye ufunguo mkuu, na ufunguo wa nje utatoka wenyewe kuwa wanachama_id. Aina ya kila safu mpya imepangwa VARCHAR(45). Namba hiyo haikuchaguliwa kwa kuangalia data zako, kwa hiyo ipitie safu kwa safu. Kisanduku cha AI (Auto Increment, namba inayojiongeza) kwenye ufunguo mkuu nacho hakijitii alama. Ukikisahau, INSERT ya kwanza inakataliwa kwa kosa namba 1364, kwamba safu ya id haina thamani ya kuanzia.

Kosa zito zaidi liko kwenye mistari. Pembeni mwa mchoro kuna vitufe vya uhusiano vya aina mbili, wa mstari wa vidoti na wa mstari usiokatika. Usiokatika ni uhusiano wa utambulisho, ambapo ufunguo wa jedwali mzazi unaingia ndani ya ufunguo mkuu wa jedwali mtoto. Ukiutumia kutoka wanachama kwenda akaunti, ufunguo mkuu wa akaunti unakuwa wa safu mbili. Ukiuendeleza hadi miamala, unakuwa wa safu tatu, na kila JOIN, yaani kuunganisha majedwali ndani ya hoja, itazibeba zote. Akaunti, miamala na mikopo zitumie vidoti. Mstari usiokatika unafaa kwa wadhamini peke yake, maana pale ufunguo wa mkopo na wa mwanachama kwa pamoja unazuia mtu kuandikwa mara mbili kwenye mkopo uleule. Kitufe cha n:m hutengeneza jedwali hilo la katikati chenyewe na kuliita mikopo_has_wanachama. Libadilishe jina, kisha ongeza safu ya kiasi kwa mkono.

Mtego unaowakwamisha wanafunzi wengi unatokana na XAMPP, kifurushi cha kuendesha seva ya tovuti na hifadhidata kwenye kompyuta yako. Tangu 2015 XAMPP iliiacha MySQL ikaweka MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, ingawa Control Panel yake bado imeandikwa MySQL. Workbench 8.0 inapoandika faharasa (index) humalizia na neno VISIBLE, ambalo MySQL 8.0 inalifahamu na MariaDB hailifahamu. Forward Engineer, amri ya kugeuza mchoro kuwa SQL, inasimama kwa Error 1064 kwenye jedwali la kwanza lenye faharasa hiyo, na mtu anaanza kutafuta kosa kwenye mchoro usio na kosa. Dawa ni kwenda Preferences, Modeling, MySQL, na kuweka toleo lengwa kuwa 5.7. Kama mchoro ulikuwepo tayari, ingia Model, Model Options, uondoe alama ya kufuata mipangilio ya jumla, halafu uweke 5.7 humo pia. Hapohapo hakikisha herufi za hifadhidata ni utf8mb4 na mpangilio wake (collation) ni utf8mb4_unicode_ci. Ile iitwayo utf8 kwenye MySQL huishia baiti tatu kwa herufi, hivyo emoji ya mteja inakataliwa kwa kosa 1366. Na utf8mb4_0900_ai_ci, inayokuja na MySQL 8.0, haijulikani kwa MariaDB 10.4 ya XAMPP.

Baada ya marekebisho hayo Workbench inakuwa chombo cha maana. Ukibadili mchoro, Database, Synchronize Model inaulinganisha na seva, inakuonyesha tofauti moja moja, inakuacha uchague upande wa kusahihishwa, kisha inakupa skripti kabla ya kuitekeleza. Isome mstari kwa mstari. Unachotafuta hasa ni DROP COLUMN mahali ambapo wewe ulibadili jina tu, kwa sababu mlinganisho unaweza kuona safu moja imeondoka na nyingine imekuja, na data za ile ya zamani zikaenda nayo. MySQL haikusamehi hapa: kila ALTER TABLE inathibitishwa papo hapo, na ROLLBACK haiirudishi. PostgreSQL inakuruhusu uandike BEGIN, ubadili majedwali, ukague, kisha urudishe yote kwa ROLLBACK. Kwa mfumo unaoshika fedha za watu, hiyo peke yake ni hoja nzito ya kuichagua PostgreSQL.

Kama zana ya kazi ya kila siku Workbench ni ya wastani. Hoja inayozidi sekunde 30 hukatwa kwa kosa 2013 mpaka uongeze muda wa kusubiri kwenye Preferences, SQL Editor, kisha ufunge na kufungua upya. Kosa 1175, la kuzuia UPDATE au DELETE isiyo na WHERE yenye ufunguo, wengi huliona kero na kuuzima ulinzi huo. Uache ukiwa umewashwa.

DBeaver

Toleo la Community ni la bure, lina leseni ya Apache, na linafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Huongea na hifadhidata kupitia draiva za JDBC (viunganishi vya Java), ndiyo maana dirisha moja linaweza kufungua MySQL, PostgreSQL, Oracle, SQL Server na SQLite kwa pamoja. Draiva hizo hazimo ndani ya programu. Hupakuliwa mara ya kwanza unapounganisha, kwa hiyo usiende kwa mteja asiye na intaneti ukitarajia kuunganisha palepale. Pakua draiva mapema, au chukua faili la .jar na uliingize kupitia Database, Driver Manager, kwenye sehemu ya Libraries.

Kosa la kwanza karibu kila mtu hukutana nalo kwenye MySQL 8: “Public Key Retrieval is not allowed”. Linatokana na njia mpya ya kuthibitisha nywila, inayohitaji ufunguo wa seva pale muunganisho usipokuwa umefichwa. Kwenye kompyuta yako mwenyewe weka allowPublicKeyRetrieval kuwa true katika kichupo cha Driver properties. Kwenye seva ya mbali, jibu sahihi ni kuwasha SSL, inayoficha muunganisho.

Mchoro hauhitaji ufanye lolote. Bofya skima (kundi la majedwali) mara mbili, chagua kichupo cha ER Diagram, na majedwali yote yanajichora, tayari kutolewa kama picha. Ila DBeaver huchora inachokikuta. Mistari yake inatokana na funguo za nje zilizomo kwenye hifadhidata. Ukiona masanduku yametawanyika bila mstari hata mmoja, programu haina kosa. Aliyejenga mfumo hakuweka funguo. Unaweza kuongeza funguo za kubuni ndani ya DBeaver ili mchoro usomeke, lakini hazilindi data yoyote. Na kulinganisha skima mbili ili kupata skripti ya ALTER ni kazi ya matoleo ya kulipia. Basi DBeaver Community inasoma muundo vizuri kuliko inavyobuni.

Tunachokisifu ni adabu yake kwa data. Ukiongeza safu au kubadili aina, hakuna kinachokwenda kwenye seva mpaka ubonyeze Ctrl+S, na hapo inakuonyesha SQL kamili ikisubiri ukubali. Kila muunganisho pia una aina: Development, Test au Production. Ipe seva ya kazi halisi aina ya Production. Rangi nyekundu inajitokeza, uthibitishaji wa moja kwa moja (auto-commit) unazimwa, na inakuuliza kabla ya kutekeleza.

Lakini ukizima uthibitishaji wa moja kwa moja, ukubali na wajibu wake. Kwenye PostgreSQL, UPDATE moja iliyosahauliwa bila COMMIT (amri ya kuthibitisha) inaacha muunganisho katika hali ya idle in transaction. Mistari ya jedwali uliyoigusa inabaki imefungwa, mfumo wa SACCOS unaganda kwa kila mtu anayetaka kugusa akaunti hizo, na VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, haiwezi kusafisha masalia. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, bonyeza Commit au Rollback. Dalili nyingine ya kawaida ni ujumbe kwamba “current transaction is aborted”: amri moja ilikosea, na PostgreSQL inakataa zote zinazofuata mpaka ubonyeze Rollback.

Jihadhari pia na mistari 200 ya jedwali. Ndiyo idadi ambayo DBeaver huleta kwa mara moja, na anayejumlisha kinachoonekana kwenye skrini akidhani ni jedwali zima atatoa ripoti ya uongo. Jumlisha kwa SUM kwenye hoja.

Uzito wake ni wa Java. Kompyuta mpakato ya RAM ya GB 4 yenye kivinjari wazi itahema. Kiwango cha juu cha kumbukumbu kinawekwa kwa mstari wa -Xmx ndani ya faili la dbeaver.ini.

pgAdmin 4 na pgModeler

pgAdmin ilipata zana ya kuchora katika toleo la 4.30, mwanzoni mwa 2021. Bofya hifadhidata kwa kitufe cha kulia, chagua ERD For Database, na mchoro unatokea. Unaweza pia kuanza mchoro mpya na kuutolea SQL. Tatizo ni kwamba SQL hiyo ni ya CREATE TABLE. Haijui kwamba jedwali la miamala tayari liko na lina data. Kwa hifadhidata mpya inatosha, kwa iliyo hai haifai. Mabadiliko ya hifadhidata hai yafanyie kwenye hifadhidata ya majaribio, kisha tumia Schema Diff ya pgAdmin hiyohiyo, inayolinganisha pande mbili na kukuandikia skripti. Huo ni ufundi ambao DBeaver inauuza na pgAdmin inautoa bure.

Bakapu ikigoma kwa ujumbe wa PostgreSQL Binary Path, ipe njia ya folda yenye pg_dump (programu ya kutoa bakapu) kwenye Preferences. Ikigoma kwa kutolingana kwa matoleo, pg_dump yako ni ya zamani kuliko seva. Haikubali kunakili seva yenye toleo kubwa jipya kuliko lake, na dawa ni kusakinisha zana za toleo la seva.

Anayetaka kubuni PostgreSQL kwa uzito uleule wa Workbench aende pgModeler. Huukagua mchoro kabla ya kuutoa, inaelewa aina na vikwazo vya PostgreSQL vyenyewe, na ina mlinganisho wake. Msimbo wake ni huria chini ya GPLv3, lakini faili zilizokwisha kuandaliwa huuzwa kwenye tovuti yake. Debian na Ubuntu zina kifurushi chake, kwa hiyo kwenye Linux apt inakutosha.

HeidiSQL na phpMyAdmin

HeidiSQL huja pamoja na kisakinishi cha MariaDB cha Windows, kwa hiyo huenda unayo bila kujua. Ni nyepesi, inafunguka haraka, na sehemu ya chini ya dirisha huandika kila SQL inayopelekwa kwenye seva. Kichupo cha ALTER code kinakuonyesha mabadiliko ya jedwali kabla ya kuhifadhi. Anayejifunza SQL atafundishwa zaidi na sehemu hiyo ya chini kuliko na mchoro wowote.

phpMyAdmin iko kwenye XAMPP na kwenye hosting nyingi za cPanel, hivyo mara nyingi huichagui, unaikuta. Designer yake inatosha kuweka funguo za nje, na kitufe cha Preview SQL kitumiwe kila mara. Ufunguo ukikataliwa kwa errno 150, angalia mambo mawili: aina za safu hizo mbili zilingane kabisa, maana INT na INT UNSIGNED ni vitu tofauti, na majedwali yote yawe ya InnoDB, injini ya kuhifadhia inayokagua funguo. MyISAM, injini nyingine, inapokea amri ya ufunguo wa nje kimya kimya na kuipuuza. Faili la kuingiza likizidi upload_max_filesize ya php.ini, halitaingia, PHP yenyewe huja na MB 2. Faili kubwa lipitishe kwenye mstari wa amri.

Kuchora kwa maandishi

Kwa timu inayotumia Git (mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya faili), dbdiagram.io inastahili kuangaliwa kwa makini. Unaandika muundo kwa lugha ya DBML na mchoro unajitengeneza:

Table wadhamini {
  mkopo_id int [ref: > mikopo.id]
  mwanachama_id int [ref: > wanachama.id]
  kiasi decimal(15,2) [not null]
  indexes {
    (mkopo_id, mwanachama_id) [pk]
  }
}

Faili hilo linasomeka na binadamu. Likibadilika, Git inakuonyesha mstari uliobadilika na aliyeubadili, jambo ambalo faili la .mwb haliwezi kwa kuwa ni zipu. Huhitaji hata tovuti ili kupata SQL. Sakinisha @dbml/cli kwa npm (kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript), kisha dbml2sql saccos.dbml --postgres -o saccos.sql. Mapungufu yake ni yaleyale ya mchoro wa pgAdmin: hutoa CREATE, haitoi ALTER.

Wengine kwa haraka. DB Browser for SQLite ni nzuri na ya bure. Kumbuka Write Changes, maana bila hiyo mabadiliko hayajahifadhiwa na programu yako itaambiwa “database is locked”. Yenyewe huwasha ukaguzi wa funguo za nje, lakini programu yako isipotuma PRAGMA foreign_keys = ON kila inapounganisha, SQLite haizikagui. SSMS (SQL Server Management Studio) ni ya SQL Server kwenye Windows. Michoro iliondolewa katika 18.0 na kurudishwa katika 18.1, na ikikataa kwa madai kwamba hifadhidata haina mmiliki halali, tumia ALTER AUTHORIZATION. DataGrip ndiyo yenye kihariri bora cha SQL kati ya zote hizi. Tangu 2025 ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, lakini michoro yake ni ya kusoma muundo uliopo.

Ukiwa na Laravel au Django

Kwa mifumo hii ya kujengea programu za wavuti, ushauri unageuka. Muundo unamilikiwa na faili za migration (msimbo unaobadili muundo hatua kwa hatua), na zana ya kuchora isiguse seva kabisa. Ukiongeza safu kwa DBeaver, migration ijayo itagongana nayo, au seva ya majaribio itakosa safu ambayo seva ya kazi inayo. Tumia mchoro kukagua. Kwenye Laravel ukaguzi huo unafichua kosa la kila siku: foreignId('mwanachama_id') hutengeneza safu tupu ya namba, na bila ->constrained() hakuna ufunguo wa nje. Mchoro usio na mistari ni ushahidi kwamba mtu anaweza kufuta mwanachama na kuacha mikopo yake ikielea.

Seva ya mbali

Usifungue bandari ya 3306 (MySQL) wala 5432 (PostgreSQL) kwa intaneti yote ili zana yako iunganishe. Workbench, DBeaver, pgAdmin na HeidiSQL zote zina njia ya SSH, muunganisho salama wa kuingia kwenye seva. Wanaokwama huwa wameweka anwani ya nje ya seva mahali pawili. Anwani hiyo na mtumiaji wa Linux huingia sehemu ya SSH peke yake. Sehemu ya hifadhidata inabaki 127.0.0.1, kwa kuwa ni seva yenyewe inayojiunganisha na hifadhidata iliyo ndani yake.

Na usinakili hifadhidata nzima kwa kitufe cha Export kupitia bando la simu. Kila mstari utasafiri bila kubanwa, na mtandao ukikatika katikati utabaki na faili lenye nusu ya majedwali. Ingia kwa SSH na uendeshe bakapu palepale kwenye seva, kwa mfano mysqldump --single-transaction saccos | gzip > saccos.sql.gz, kisha vuta faili moja lililobanwa kwa rsync --partial, ambayo mtandao ukirudi inaendelea pale ilipoishia.